Gari la Umeme Malindi: Kabla ya Gari, Nunua Betri

Mwezi uliopita binamu yangu, ambaye riziki yake ni kuwapokea wageni katika uwanja wa ndege wa Malindi na kuwafikisha Watamu, Mambrui na mara nyingine Mombasa, aliniomba nifuatane naye kwenda kulitazama gari la umeme lililokuwa likiuzwa hapa mjini. Lilikuwa Nissan Leaf la mwaka 2018, jeupe, safi ndani na nje, lililotumika Japani kabla ya kuletwa huku. Muuzaji alitukaribisha vizuri na akaanza kulisifu: limetembea kilomita 52,000 tu, rangi yake ni ile ile ya kiwandani, tairi ni mpya na halijawahi kugongwa. Kwa kadiri tulivyoweza kuona, yote aliyoyasema yalikuwa kweli, ila karibu yote hayakuwa na uzito katika uamuzi uliokuwa mbele yetu, kwa sababu alikuwa akiuza gari la umeme kwa sifa za gari la petroli.

Tofauti kubwa baina ya magari haya mawili haimo katika moshi wala katika kelele. Tangi la lita 40 la gari la petroli litabaki kuwa la lita 40 hata gari likizeeka mpaka milango ifungwe kwa kamba, na ndiyo maana hakuna mnunuzi wa gari kuukuu anayeuliza hali ya tangi. Betri haiko hivyo. Betri ni kama mtungi ambao kuta zake huzidi kunenepa kwa ndani mwaka hadi mwaka: kwa nje ni ule ule, lakini maji yanayoingia hupungua. Na kwa kuwa betri ndiyo sehemu ya gari yenye thamani kubwa kuliko nyingine yoyote, anayenunua gari la umeme lililotumika ananunua, kwa hakika, betri iliyovishwa gari.

Ili kuuelewa upungufu huo hatuna budi kuingia kidogo ndani ya betri yenyewe. Betri ya Leaf la aina tuliyoiona ina seli 192 za lithiamu, zilizopangwa mfululizo wa jozi 96. Gari linapotembea, chembe za lithiamu hutoka upande mmoja wa seli kwenda upande wa pili, na gari linapochajiwa hurudi zilikotoka. Katika kwenda na kurudi huko, baadhi ya chembe hunaswa kwenye utando mwembamba unaojijenga ndani ya seli, na zilizonaswa hazirudi tena kazini. Utando huo hukua betri inapotumika, lakini hukua pia gari likiwa limeegeshwa tu, bila kwenda popote. Kwa hiyo kilomita chache kwenye kipimamwendo hazimaanishi betri changa. Gari lililokaa miaka 7 chini ya jua, likiwa limejazwa chaji kila siku, linaweza kuwa na betri iliyochoka zaidi ya gari lililotembea mara mbili yake katika nchi ya baridi, kwa kuwa joto huharakisha kuchakaa kwa kutumika na kuchakaa kwa kukaa, na betri iliyojaa huumizwa na joto kuliko iliyo nusu.

Hapa ndipo pwani yetu inapoingia katika hesabu. Magari mengi ya umeme ya siku hizi yana mfumo wa maji unaozunguka kwenye betri na kuipoza, lakini Leaf, tangu lilipoanza kuuzwa mwezi Desemba mwaka 2010, lilitengenezwa bila mfumo huo, na hata toleo la pili lililotoka mwaka 2017 likiwa na betri ya uniti 40 halikubadilishwa katika jambo hili. Betri yake hupoa kwa hewa inayopita nje ya sanduku lake tu. Katika mji wenye baridi kali ya miezi kadhaa, betri hiyo hupata mapumziko kila mwaka. Malindi haina majira ya baridi. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, hata usiku huwa na joto, na lami ya mchana hurudisha joto chini ya gari palepale betri ilipo. Simaanishi kwamba gari hili halifai pwani. Namaanisha kwamba miaka 5 ya Malindi haiwi sawa na miaka 5 ya Japani, na mnunuzi asiyelijua hilo atashangaa baadaye peke yake.

Nimetaja uniti, na pengine neno hilo linahitaji kuelezwa. Vitabu vya kiufundi huandika kilowati-saa, lakini uniti moja tunayoinunua kwa tokeni ndiyo kilowati-saa moja, kwa hiyo nitaendelea kutumia uniti, kwa sababu kila mwenye mita anazifahamu. Betri ya uniti 40 ikiwa mpya huweka umeme ambao nyumba ya kawaida ya hapa, yenye friji, taa, feni na televisheni, inaweza kuutumia kwa siku kadhaa.

Sasa, uniti 40 hulifikisha gari wapi? Jibu hutegemea nani amepima. Toleo hilo la uniti 40 lilipopimwa kwa utaratibu wa Japani uliotumika wakati huo, lilitangazwa kuwa linakwenda kilomita 400. Wamarekani walipolipima gari hilo hilo kwa utaratibu wao wakapata takriban kilomita 243. Hakuna aliyesema uongo, ila kipimo cha Japani kilifanywa kwa mwendo wa taratibu, ndani ya maabara, katika hali ambayo dereva wa barabara ya Mombasa haipati hata siku moja. Muuzaji wetu alitaja kilomita 400 kwa moyo safi kabisa, kwa kuwa ndizo alizozisoma kwenye karatasi za gari. Mnunuzi aanze na kipimo cha Marekani, kisha apunguze kwa uchakavu wa betri, halafu apunguze tena kwa akiba ambayo hataki kuigusa, maana hakuna dereva mwenye akili timamu anayepanga safari ya kufika nyumbani na chaji sufuri.

Tukaomba kuliendesha. Nilikuwa nimemwonya binamu yangu kabla hatujatoka nyumbani kwamba gari la umeme lina utamu wake wa kuondoka, na utamu huo ndio unaowafanya watu watoe amana kabla hawajafika mzunguko wa kwanza. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote papo hapo, bila kusubiri gia wala mizunguko ya injini, hivyo hata gari lenye betri iliyochoka nusu huondoka kama upepo. Wepesi wa kuondoka hauelezi chochote kuhusu kiasi cha umeme uliobaki. Kwa sababu hiyo dakika 10 za kuzunguka mtaa, ambazo ndizo muuzaji hupenda kuzitoa, hazitoshi. Tulimwomba atupe saa mbili, akakubali kwa sharti kwamba aje nasi, na kwangu hilo lilikuwa heri, kwa sababu watu watatu ndani ya gari na kiyoyozi kikiwa kimewashwa saa 7 mchana ndiyo hali halisi ya kazi ya binamu yangu.

Kabla ya kuondoka tuliandika mambo matatu: kipimamwendo, asilimia ya chaji, ambayo ilikuwa 82, na vijistari vya hali ya betri. Vijistari hivi ni vidogo, viko ukingoni mwa kipimo cha chaji, na wengi huvipita bila kuviona. Gari jipya huwa navyo 12. Cha kwanza hupotea betri inapopoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake, na kila kinachofuata hupotea baada ya asilimia 6 hivi nyingine. Gari letu lilikuwa navyo 10, maana yake betri ilikuwa imebakisha kama asilimia 73 hadi 79. Muuzaji alisema hakuwahi kuvitazama, nami nilimwamini. Ila ni vyema kujua kwamba wapo wasio waaminifu ambao hufuta kumbukumbu za kompyuta ya betri ili vijistari vyote 12 virudi, na baada ya wiki kadhaa za matumizi vikaanza kuanguka kimoja kimoja mikononi mwa mnunuzi. Kwa hiyo kijistari ni shahidi wa kusikilizwa, na ushahidi wake lazima upimwe barabarani.

Kuupima si kazi ngumu, na hakuhitaji chombo chochote isipokuwa kalamu. Tulirudisha sufuri kipimo cha wastani wa matumizi, kile kinachoonyesha gari linakwenda kilomita ngapi kwa uniti moja, kisha tukashika njia ya Gede, tukaingia Watamu hadi karibu na ufuo, na tukarudi Malindi. Kipimamwendo kilionyesha kilomita 45. Wastani ulikuwa kilomita 6.4 kwa uniti, na chaji ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 82 hadi 57. Ukigawanya 45 kwa 6.4 unapata uniti 7 zilizotumika. Uniti hizo 7 zimelipiwa kwa asilimia 25 ya betri, kwa hiyo betri nzima, kutoka kujaa hadi sufuri inayoonekana, ina takriban uniti 28. Kila gari la umeme huficha akiba ndogo chini ya sufuri ili seli zisikauke kabisa, hivyo uniti 28 za kwenye dashibodi zinalingana vyema na vile vijistari 10. Mashahidi wawili walikuwa wamekubaliana. Kama vijistari vingekuwa 12 na hesabu ya barabarani ikaleta uniti 28, ningemshauri binamu yangu tumshukuru mwenyeji wetu na tutafute chai mahali pengine.

Nitaongeza angalizo moja kwa wenye kupenda kuhakikisha. Safari fupi huharibu hesabu hii, kwa sababu asilimia huonyeshwa kwa namba nzima, na kosa la asilimia moja katika tano ni kubwa kuliko kosa la asilimia moja katika ishirini na tano. Mteremko nao hudanganya, lakini sisi watu wa pwani tumesamehewa hilo, kwa kuwa kutoka Malindi hadi Gede barabara ni tambarare.

Kuna njia ya tatu ya kuikagua betri, na kwa gari la bei hii naiona ni ya lazima. Chini ya usukani pana tundu ambalo mafundi huchomeka vifaa vyao vya uchunguzi. Ukichomeka hapo kifaa kidogo cha bluututhi na kukiunganisha na programu ya LeafSpy kwenye simu, utaona uwezo wa betri uliobaki pamoja na volti ya kila jozi moja kati ya zile 96. Hili la pili ndilo lenye faida kubwa zaidi. Seli zimefungamana kama shanga katika uzi mmoja, kwa hiyo betri nzima husimama pale jozi dhaifu inapoishiwa, hata kama nyingine bado zina umeme. Tofauti ya milivolti chache kati ya jozi haina neno. Jozi moja au mbili zikiwa zimeanguka mbali chini ya wenzake, hasa gari likiwa na chaji ndogo, ni dalili kwamba siku moja gari litakatika likiwa linaonyesha asilimia 20. Kwa sababu hii muuzaji anayesisitiza kwamba gari litazamwe likiwa limejazwa pomoni huenda anakufanyia hisani, na huenda pia anakuficha jambo, maana udhaifu wa seli hujitokeza chaji ikiwa chini.

Yaliyobaki katika majaribio ni machache, na mengi anayafahamu yeyote aliyewahi kununua gari. Faida moja ya ukimya wa gari la umeme ni kwamba husikii injini, kwa hiyo unasikia kila kitu kingine: bearingi inayolia, boriti inayogonga kwenye matuta, plastiki iliyolegea. Jambo moja, hata hivyo, ni la pwani peke yake, na nimeona watu wakilipuuza. Gari la umeme hupunguza mwendo kwa kuigeuza mota iwe jenereta, umeme ukarudi kwenye betri, hivyo breki zenyewe hutumika kidogo mno. Mahali pakavu hiyo ni neema, kwa kuwa pedi hudumu miaka. Hapa kwetu, hewa ya chumvi huzila diski za breki zinazokaa bila kusuguliwa, na kutu hujenga mashimo. Chungulia diski kupitia matundu ya rimu. Kisha, mahali pasipo na watu wala magari, tia gia ya kati (N) na ukanyage breki kwa mwendo mdogo, maana katika gia hiyo mota hairudishi umeme na breki halisi ndizo zinazofanya kazi peke yake. Gari likitetemeka au likikwaruza, hesabu diski mpya katika bei. Pia lipandishwe kwenye shimo la gereji ili utazame sahani ya chini ya betri, kwa sababu gari hili liko chini, na njia zetu za ndani zenye mawe ya matumbawe hazina huruma. Mikwaruzo ya juu juu haidhuru. Sahani iliyobonyea ni sababu ya kuondoka. Nyaya za rangi ya chungwa utakazoziona huko chini zina volti za kuua, na fundi asiyefunzwa asiziguse kwa hali yoyote.

Suala la kuchaji ndilo linalozaa maneno mengi vijiweni, na wengi hulianza upande usiofaa kwa kuuliza vituo viko wapi. Swali la kwanza ni hili: gari litalala wapi? Mwenye uwanja, mita yake na fundi umeme wa kuaminika ana kituo chake tayari. Anayepanga chumba katika nyumba ya Kiswahili, ambako mita ni moja kwa wapangaji wote na gari huegeshwa barabarani, hana kituo, hata kama vituo vya kuchajia vitajengwa kila pembe ya mji. Nasema hivi bila furaha, kwa kuwa wapangaji ndio wengi.

Soketi yetu ya kawaida ni ya ampea 13 na umeme ni volti 240. Kebo ya kuchajia inayovuta ampea 10 huingiza uniti 2.4 kwa saa, na kiasi cha asilimia 15 hupotea njiani kwa joto. Kuijaza betri ya uniti 28 kutoka sufuri kungechukua karibu saa 14, jambo linalowatisha wengi bila sababu, kwani hakuna anayejaza kutoka sufuri kila siku. Aliyetembea kilomita 40 atahitaji kurudisha uniti 7 au 8 za tokeni, nazo huingia kwa saa tatu hivi akiwa amelala. Hatari haipo kwenye muda, ipo kwenye soketi. Pasi huvuta umeme mwingi lakini kwa dakika chache. Gari huvuta kwa saa nyingi bila kupumzika, na soketi rahisi yenye vyuma vya ndani vilivyokwisha kuliwa na chumvi huyeyuka. Waya uwe wake peke yake kutoka kwenye bodi, waya wa ardhi upimwe kweli, isiwe kuoneshwa tu kwamba upo, na kebo iliyokuja na gari kutoka Japani isomwe maandishi yake, kwa kuwa huko umeme wa nyumbani ni volti 100 au 200. Kama haikuandikwa kwamba inastahimili 240, inunuliwe nyingine.

Kuhusu kuchaji kwa haraka, Leaf za Japani zina tundu la mfumo uitwao CHAdeMO. Waliolibuni jina hilo walicheza na maneno ya Kijapani ya kumkaribisha mtu chai, wakimaanisha kwamba betri itajaa kabla kikombe hakijakwisha. Nalipenda jina hilo, lakini mfumo wenyewe umeanza kuachwa. Magari mengi mapya yanayouzwa Ulaya hutumia tundu la CCS, na Nissan wenyewe waliliweka hilo katika gari lao la Ariya kwa masoko ya Ulaya na Marekani. Anayetaka kutegemea chaji ya haraka na asafiri mwenyewe hadi kituo anachokikusudia, achomeke gari analotaka kulinunua na aone umeme ukiingia, kwa sababu tundu lisilolingana na plagi ni kama ufunguo wa mlango wa jirani. Hata likilingana, Leaf lisilo na mfumo wa kupoza betri hupunguza kasi ya kupokea umeme betri inapokuwa moto, nayo huwa moto hasa baada ya safari ndefu, wakati ule ule dereva anapoihitaji.

Wanaouza magari mapya kutoka China watakwambia kwamba matatizo haya ni ya zamani, na kwa sehemu wana haki. Betri za chuma na fosfeti zinazotumiwa na BYD na wengineo hustahimili joto na kujazwa vizuri zaidi kuliko zile za nikeli zilizomo katika Leaf, na hupozwa kwa mfumo maalumu. Ila bei zake ni za kundi jingine la wanunuzi, na makala haya ni ya anayetaka gari lililotumika. Kwa huyo, sheria ya Kenya inayozuia kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 8 ina faida isiyokusudiwa: huyazuia matoleo ya kwanza yenye betri ya uniti 24, ambayo leo yangekuwa yamechoka kupita kiasi. Magari ya namna hiyo yaliyoingia zamani bado yanauzwa humu nchini kwa bei ya kuvutia, na bei hiyo ina sababu yake.

Sasa tuhesabu pesa. Nitatumia namba za kurahisisha, na msomaji aweke zake. Petroli, ambayo bei yake ya juu hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, kila tarehe 14 ya mwezi, tuichukulie kuwa shilingi 180 kwa lita, na gari la kawaida la sisi (cc) 1500 liwe linakwenda kilomita 14 kwa lita. Kila kilomita hugharimu shilingi 13 kasoro kidogo. Kwa umeme, gawanya pesa ulizolipia tokeni mara ya mwisho kwa uniti ulizopewa, kodi na tozo zikiwa ndani. Tuseme ni shilingi 30. Uniti moja ya tokeni, baada ya kupoteza ile asilimia 15, hulipeleka gari kilomita 5.4, hivyo kila kilomita ni shilingi 5 na nusu. Tofauti ni shilingi 7 na kitu. Mwaka 2023 EPRA ilianzisha pia bei maalumu ya kuchajia vyombo vya usafiri, ambayo msingi wake ulikuwa shilingi 16 kwa uniti na 8 katika saa zisizo na msongamano, kabla ya kodi na tozo, lakini hiyo si bei ya mita ya kawaida ya nyumbani.

Shilingi 7 hazina maana mpaka uzizidishe kwa kilomita. Anayetembea kilomita 10,000 kwa mwaka anaokoa shilingi 73,000 hivi, ukiachilia mbali oili na plagi za injini asizozinunua. Anayetembea 3,000, kwenda sokoni na msikitini na kurudi, anaokoa kama 22,000, na kama gari la umeme limemgharimu shilingi 400,000 zaidi ya la petroli la hadhi ile ile, betri itakuwa imezeeka kabla hajazirudisha. Kwa hiyo gari la umeme humfaa anayetembea sana, lakini si mbali. Maneno hayo mawili huchanganywa mno katika mazungumzo yetu. Dereva wa tuktuk anayezunguka mjini kutwa hutembea sana bila kwenda mbali, nami naamini umeme utamfikia yeye kabla ya wenye magari. Upande wa kodi serikali imepunguza kidogo: tangu mwaka 2019 ushuru wa bidhaa kwa magari yanayotumia umeme pekee ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10, ijapokuwa kodi nyingine zimebaki.

Tumrudie binamu yangu. Betri ya uniti 28 kwa kilomita 6.4 ni kilomita 180, na ukiacha akiba ya asilimia 15 zinabaki 153. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120. Anafika, lakini harudi bila kuchaji, na hiyo ni kwa mwendo tuliokwenda nao Watamu. Ukipanda kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, nguvu ya upepo inayolizuia gari huongezeka kwa zaidi ya nusu, na mgeni anayewahi ndege Mombasa hataki kusikia habari za 80. Foleni ya Mtwapa nayo ina ada yake: gari lililosimama halitumii umeme wa kutembea, ila kiyoyozi kinaweza kula uniti moja kwa saa, sawa na kilomita 6 zilizoyeyuka mahali pamoja. Safari ya Mokowe, kwa wageni wa Lamu, ni zaidi ya kilomita 200, na haikujadiliwa. Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja wa Lamu, ambako mitaa ya mji wa kale haipiti gari la aina yoyote, alinijibu kwamba wao wana chombo kisichotumia petroli tangu enzi za mababu, na huchajiwa kwa majani.

Binamu yangu huenda Mombasa mara mbili kwa wiki, na mara nyingine hupigiwa simu usiku. Alisikitika, kwa kuwa gari lilikuwa limeshamwingia moyoni, lakini hakubishana na karatasi. Aliyebishana ni mkewe. Shemeji anafundisha Gede na anaishi Maweni. Huenda na kurudi kila siku, akapitia sokoni, na jumla yake haizidi kilomita 40. Wana uwanja, mita ni yao, na gari la petroli la mumewe lingebaki kwa safari za Mombasa. Kwake uniti 28 zingetosha siku tatu bila kuchaji, na hata betri ikishuka hadi uniti 20 miaka kadhaa ijayo, bado angekwenda Gede na kurudi mara mbili. Gari lile lile, kwa betri ile ile, lilikuwa halifai kwa mume na linafaa kwa mke.

Tulirudi kwa muuzaji na karatasi yetu. Tulimwonyesha vijistari 10, uniti 28, na diski mbili za nyuma zilizoanza kuliwa na kutu, tukampa bei inayolingana na betri iliyobaki badala ya kilomita zilizotembewa. Alisema hajawahi kuuziwa wala kuuza gari kwa hesabu ya namna hiyo, na kwamba atafikiri. Shemeji hajamsubiri. Juzi alimwita fundi umeme aje kupima waya wa ardhi, na fundi akakuta kwamba ulikatika zamani, labda tangu nyumba ilipojengwa, na kwamba friji yao imekuwa ikifanya kazi bila kinga yoyote miaka yote hiyo.